Chuma cha Lorna na Mbwa Dizeli

Kaeni vizuri, maana hii si habari ya kusimuliwa kwa mguu mmoja.

Lorna Petherick alipostaafu upishi, kitu cha kwanza kumshinda kilikuwa sufuria. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewapikia wanyoaji wa kondoo, akihama nao banda hadi banda, wanaume kumi na wanne wanaoinama juu ya kondoo tangu saa moja na nusu asubuhi, na wakirudi mezani hawaongei mpaka sahani ya pili. Mkono ulishazoea hesabu hiyo. Akitaka kujipikia supu ya mtu mmoja, ilitoka ya kumi na wanne. Akioka keki ndogo ya kunywea chai, tuliila mtaa mzima, na Jumatatu tulikuwa bado tunaila. Mimi ni jirani yake, uzio wetu ni mmoja, kwa hiyo najua ninachosema. Mwaka ule suruali zangu zote zilinikataa.

Msije mkamwona Lorna kama bibi mpweke wa kuonewa huruma. Hapa Wirrabilla kila mtu anamjua, na nusu ya wazee wa mji huu wamekula kwa mkono wake. Alichokosa ni mtu wa kumlisha na kumfokea kwa pamoja. Nilimshauri afuge paka. Akanijibu kwamba paka anakula kama mgonjwa wa wodini, na yeye hajawahi kupikia wodi.

Ndipo siku moja akaona picha kwenye dirisha la duka la mikate. Ilikuwa ya nusu mbwa. Kichwa hakikuwemo, kwa sababu mwenye kichwa alikuwa ameshaondoka kabla kamera haijamaliza kazi. Chini yake pameandikwa: Dizeli, miaka miwili, kilo arobaini na moja, mchangamfu, anatafuta nyumba. Kwa maelezo zaidi mwone Noeline Crouch.

Noeline tunamfahamu. Anaishi kwenye shamba lake la kondoo, kilomita ishirini nje ya mji, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapokea mbwa waliotupwa, anawalea kwa muda mpaka chama chao cha kuokoa mbwa kiwapatie watu. Huyu Dizeli alizaliwa kwa ajili ya kuwinda nguruwe pori. Wenyewe wakampeleka porini mara ya kwanza, akamwona nguruwe, akafurahi, akamletea kijiti ili wacheze. Basi wakamfunga kwenye nguzo ya kituo cha mafuta wakaenda zao. Jina alilipatia hapo hapo, kwenye pampu.

Nilimpeleka Lorna kumwona. Njia ya kwa Noeline ina mageti matatu, na kazi ya mageti ni ya abiria, hilo halina mjadala, hata abiria akiwa na umri wa miaka sitini na saba na magoti yanayolia kama bawaba. Lorna alishuka. Mageti mawili tuliyakuta yamefungwa, akafungua, nikapita, akafunga. La tatu tulilikuta wazi. Tukapita tukaliacha wazi vile vile, kwa sababu geti la mtu huliachi unavyotaka wewe, unaliacha ulivyolikuta. Huenda mwenyewe ameliacha wazi ili kondoo wafike kwenye maji. Ukijifanya mwema ukalifunga, umeua kondoo mia mbili kwa kiu. Watoto wetu hujifunza hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Noeline alikuwa barazani na darubini shingoni. Hata salamu hakuanza nayo. Alisema ameona geti la tatu limeachwa sawasawa, na kwamba watu wawili waliokuja kabla yetu kumtazama mbwa walilifunga. Kwake hao walishafeli wakiwa bado ndani ya gari.

Basi mambo yalianza vizuri. Kisha akamfungulia Dizeli.

Niliona kitu cha rangi ya kahawia kikizunguka kona ya banda, kisha nikaona soli za viatu vya Lorna zimetazama mbinguni. Mbwa alikuwa amemkalia kifuani anamwosha uso. Noeline akamvuta kwa mikono miwili huku akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba pole sana, haitawezekana. Lorna hakuinuka. Alibaki pale vumbini akimtazama yule mbwa mbavu zake.

"Huyu amekula nini asubuhi?"

"Chakula cha mbwa, cha gunia," akasema Noeline.

"Ndiyo maana," akasema Lorna, na ndipo akanyoosha mkono nimwinue.

Walibishana nusu saa. Noeline hakuwa mkatili, msimfikirie vibaya. Alikuwa amekaa na Dizeli miezi minne na alimpenda, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lorna ana kilo hamsini akiwa na koti la mvua. Mbwa hajui kuitwa akaja. Kwa miezi minne Noeline amempigia mluzi, amembembeleza, amemlaani, na hata siku moja hajageuka. Tena wapo vijana wawili mke na mume, upande wa mtoni, wana ekari mia moja na miguu ya kukimbilia, na wameshasema wanamtaka. Lorna akamwambia kwamba amewahi kutuliza wanaume kumi na wanne waliokosa bia siku ya joto, bila kamba. Mwishowe wakakubaliana wiki mbili za majaribio. Jumamosi ya pili, saa tano na nusu asubuhi, Noeline atakuja na fomu. Uzio ukiwa mbovu, geti likiwa halifungwi, au mbwa akiwa bado haitiki, anapanda pikapu siku hiyo hiyo kwenda mtoni.

Njiani kurudi Dizeli alikaa katikati yetu na kuendesha gari kwa macho. Lorna alishuka kufunga geti la mwisho, akapanda. Kisha akasema, kama anayeongea na kioo, kwamba vijana wa mtoni watapata mbwa mwingine, mbwa wako wengi. Nikajua kwamba ameshampenda na anaogopa.

Siku ya kwanza mbwa alimaliza bustani ya nyanya. Siku ya pili aligundua ule mti wa chuma wa kuanikia nguo unaozunguka. Aliuma shuka akaanza kukimbia, mti ukazunguka naye, na kadiri ulivyozunguka ndivyo alivyoona kwamba shuka linamkimbia, akaongeza mwendo. Nilihesabu mizunguko kumi na tisa kabla shuka halijakata tamaa. Siku ya tatu Lorna alimtoa matembezi. Walipita mbele ya klabu ya matufe iliyo ng'ambo ya barabara yetu, pale wazee wanapoviringisha matufe yao kwenye majani yaliyokatwa kama zulia. Mbwa alikuwa mbele, kamba imekaza, na Lorna nyuma ameegemea kama mtu anayevutwa na boti juu ya maji.

Kev Duggan, nahodha wa klabu, mnyoaji wa zamani, akaegemea uzio. "Mpishi, hebu nisaidie. Nani kamtoa mwenzake matembezi leo?"

"We Kev, ulikuwa unanyoa kondoo mmoja mpaka wenzio wanakunywa chai," Lorna akamjibu akiwa tayari amefika kona. "Usinifundishe mwendo."

Lakini jioni ile alikuja kuketi kwangu, na hakuleta keki. Nikajua hali ni mbaya. Alisema alikuwa amekosea tangu mwanzo. Alikuwa anamchukulia huyu kama mbwa, wakati ni mnyoaji mgeni. Mnyoaji mgeni humwiti kwa jina, hana habari na jina lake. Mnyoaji mgeni unampigia chuma.

Kesho yake nilimwona akitoa kitu chini ya kitanda, kimefungwa kwa gunia. Kilikuwa chuma cha duara, sahani ya plau kuukuu, alichokuwa akikigonga mlangoni mwa jiko la mabanda kuwaita watu mezani tangu alipokuwa mpishi mdogo. Tangu astaafu hakuwahi kukitoa. Alikitundika kwenye boriti ya baraza ya nyuma, akasimama akikitazama, nyundo mkononi. Nilimuuliza anasubiri nini.

"Miaka thelathini na mmoja sijawahi kukipiga asije mtu," akasema. "Sasa nitajuaje."

Akakipiga, mara tatu. Akaweka sahani kwenye ngazi: nyama ya kondoo, wali, karoti. Dizeli alikuwa mwisho wa uwanja anachimba. Akainua kichwa, akafikiri, akaendelea kuchimba. Lorna alihesabu mpaka ishirini, akaondoa sahani, akafunga mlango wa wavu. Mbwa alikuja dakika tano baadaye, akakuta ngazi tupu. Aliitazama ngazi ile mpaka nikamhurumia. Nikasema labda Lorna apunguze ukali, akaniambia hata Kev Duggan alijifunza hivyo hivyo, na Kev alichukua wiki.

Dizeli alichukua siku mbili. Kuanzia hapo siku ilienda kama siku ya banda: kifungua kinywa, kazi masaa mawili, chuma, chai ya saa tatu na nusu, kazi tena, chuma, chakula cha mchana. Kazi ya mbwa ilikuwa kuvuta tairi la trekta kuzunguka uwanja, na akishalivuta alilala wakati wa mapumziko kama wanaume wale, chali, mdomo wazi. Chuma kikilia alipita hewani. Tena alijichagulia mahali pake, ngazi ya pili kutoka chini, akakaa hapo wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hatukulitegemea. Ng'ambo ya barabara, kila chuma kilipolia, wazee watatu waliokuwa wanyoaji waliinua vichwa kwa pamoja. Kev alikuja kulalamika. Alisema ameshaharibu mitupo miwili, mwili wake unasikia chuma kabla ya masikio. Lorna akamwambia kama anataka chai aseme chai. Akasema chai.

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumamosi ya pili. Uzio ulikuwa imara, nilikuwa nimeukagua mwenyewe Ijumaa. Jumamosi saa nne na nusu nikachungulia nyuma nikakuta chini yake shimo la kupitisha ndama. Dizeli alikuwa amelichimba alfajiri, si kwa kutoroka, ni kwa kupenda kazi. Lorna akamfungia mbwa jikoni nyuma ya mlango wa wavu, akafungua geti la mbele mpaka mwisho ili toroli lipite, nami nikakimbia kwangu kujaza toroli mchanga. Tulikuwa na saa nzima. Nilikuwa natoka na toroli langu nilipoiona pikapu ya Noeline imeegeshwa tayari.

Alikuwa amewahi nusu saa. Amevaa mabuti ya shamba, fomu kwapani. Alifika kwenye geti. Akalikuta wazi.

Mnaona jambo lilipokuwa linakwenda. Mtu wa mjini angepita na kulirudisha nyuma yake bila hata kufikiri. Noeline Crouch amezaliwa kati ya mageti na atazikwa kati ya mageti. Alipita, akaliacha wazi kabisa, kwa heshima zote.

Wakati huo Dizeli alimwona kupitia wavu. Miezi minne ya mapenzi ikamjia kwa mara moja. Mlango wa jikoni haukufunguka. Mbwa alipita katikati yake, na umbo lake likabaki pale kwenye wavu, masikio na yote. Alimrukia Noeline, akamlamba, akamzunguka mara mbili, kisha akaona barabara. Ng'ambo ya barabara akaona watu wanaviringisha vitu kwenye majani.

Siku hiyo klabu yetu ilikuwa inacheza na ya Bungarra, na lazima niwaambie kwamba hatujawafunga Bungarra miaka sita. Ulikuwa mzunguko wa mwisho. Tulikuwa mbele kwa alama moja. Matufe yalikuwa yameshatulia kukizunguka kile kijipira cheupe kinacholengwa, na Kev alikuwa amepiga magoti anapima kwa kamba, tufe letu au lao. Kwenye majani yale hata padri haingii na viatu vya kisigino. Dizeli aliingia na kilo zake arobaini na moja, akaruka juu ya mgongo wa Kev, akayatawanya matufe kama kuku, akakichukua kijipira cheupe, akasimama katikati kutazama nani anataka kucheza.

Walitaka wote. Wachezaji kumi na sita wenye kofia nyeupe wakamfuata, na yeye akawapitisha huku akawarudisha kule. Noeline akaingia kwa mabuti yake, kila hatua ikiacha alama, akiita, akipiga mluzi, akiahidi vitu. Nahodha wa Bungarra akawa anauliza kwa sauti ya upole kama hii ni kawaida yetu.

Nilimtazama Lorna. Alikuwa amefika getini na hakuvuka. Nilimwona akiiangalia fomu, ambayo Noeline aliidondosha barabarani, kisha akaangalia pikapu ambayo mlango wake wa nyuma ulikuwa umeshashushwa tayari. Akageuka akarudi ndani taratibu, kwa magoti yale. Nikadhani amekata tamaa, na nikaweka toroli chini kwa sababu sikuona tena faida ya mchanga.

Kisha chuma kikalia. Mara tatu.

Sasa, ilikuwa saa tano na dakika chache. Saa tano haikuwa saa ya kitu chochote. Chai ilishanywewa, chakula cha mchana bado. Dizeli alisimama katikati ya majani na mguu mmoja juu. Aliangalia jua, nitaapa mpaka kesho kwamba aliliangalia jua. Noeline alikuwa hatua tatu kutoka kwake, akajitupa, akakumbatia hewa.

Mbwa alikuwa ameshavuka barabara. Alipita getini, akapita pembeni ya nyumba, na nilipofika nyuma nilimkuta kwenye ngazi ya pili kutoka chini, wima, mkia unafagia vumbi, kijipira kimo mdomoni. Lorna alishusha nyundo. Akasema, "Umechelewa," na mbwa akakiweka kijipira miguuni pake.

Nyuma yangu nikasikia viatu. Kev Duggan na wenzake wawili walikuwa wamefika, kofia nyeupe bado vichwani, wanatazamana kama watu walioamshwa. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuja.

"Chai ipo, Mpishi?" akauliza Kev, kwa vile alikuwa ameshafika.

Noeline akaingia mwisho, majani kwenye nywele, fomu yake ina alama ya gurudumu. Hakumwangalia mtu. Akaketi kwenye kiti cha baraza, akatoa kalamu, akasoma swali la kwanza: je, geti hufungwa wakati wote?

Mimi nilikuwa na jibu zuri limeshaandaliwa. Lorna akaniwahi.

"Andika nililiacha wazi," akasema. "Na nyuma kule kuna shimo. Huyu jirani alikuwa analeta mchanga alifukie usilione."

Nilijitahidi kufanana na boriti. Noeline aligongagonga kalamu kwenye fomu.

"Nililikuta wazi," Noeline akasema mwishowe. "Nikaliacha wazi."

"Ulifanya inavyotakiwa."

"Nilijua. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hilo."

Akalipita swali la kwanza. Akalipita la pili, la uzio. Alipofika la tatu, kama mbwa huitika akiitwa, aliandika muda mrefu, akageuza karatasi akaendelea nyuma yake. Sikuona alichoandika. Nilimwona tu akimtazama Dizeli juu ya ile ngazi, jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake aliyekataa kusoma nyumbani akaenda kuwa wa kwanza shuleni. Kisha akatia saini. Akatoa sharti moja, na alilitoa kwa ukali: kabla jua halijazama geti lile litiwe springi, lijifunge lenyewe, ili asitokee mtu yeyote duniani akalikuta wazi.

Lorna akasema sawa. Kisha akaingia jikoni kupitia lile umbo la mbwa kwenye wavu, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji, na alipotoka macho yalikuwa mekundu akasema ni vitunguu. Chai yenyewe haikuwa na vitunguu.

Vijana wa mtoni walipewa mbwa mwingine, jike, na nasikia anawaamsha saa tisa usiku. Mzunguko ule wa mwisho ulirudiwa, kwa sababu Kev aliapa kwamba tufe letu lilikuwa limekigusa kijipira kabisa, na Bungarra wakaapa la kwao, na shahidi pekee alikuwa anakunywa maji. Tukafungwa kwa alama mbili. Kev hakusemezana na Dizeli mpaka Jumanne, saa tatu na nusu, alipokuta mbwa amekalia ngazi ambayo Kev mwenyewe alikuwa ameshaizoea.

"Sogea, kijana," akamwambia.

Mbwa hakusogea. Kev akakaa ngazi ya chini, kikombe mkononi, na Lorna akawafokea wote wawili kwa kuziba njia.